Gordini, fundi mwenye kuleta mwendo kwa watu wa mushahara

Kila mwisho wa mwezi, kiisha mushahara kuingia, vijana wetu wanaanza tena mabishano ileile ya motokari. Mumoja anasema bila turbo motokari haina maana. Mwingine anajibu kwamba turbo ni shimo: unatupa makuta ndani, haijai. Wote wawili wanasema kweli, kila mutu kwa upande wake. Sisi wa sendika hatuna motokari ya kuuzisha. Lakini tuko na maisha ya mutu mumoja ya kuwaelezea, fundi Amédée Gordini. Mwenye kufahamu maisha yake atafahamu pia turbo, na atajua ulizo gani la kuuliza mbele ya kutosha makuta mufukoni.

Gordini alizaliwa tarehe 23 Juni 1899 katika Bazzano, karibu na muji wa Bologna, inchi ya Italia. Hakukalia ntebe ya masomo miaka mingi. Angali kijana mudogo, mikono yake ilikuwa tayari na mafuta ya garaje. Katika miaka ya 1920 alihamia Ufaransa, na kule Suresnes, pembeni ya Paris, akafungua garaje yake mwenyewe. Alikuwa mugeni, bila mali ya ukoo na bila diplome ya enjenia. Alikuwa na masikio: alisikiliza motere sawa vile munganga anasikiliza kifua cha mugonjwa.

Alianza na motokari ndogo za Fiat, zile ambazo watu wa kawaida walikuwa wakinunua. Kiisha kampuni ya Simca, iliyotengeneza Fiat kule Ufaransa, ikamusaidia. Mukubwa wake, Henri Pigozzi, alikuwa naye mutoto wa Italia. Gordini alichukua Simca ya kila siku, akaipunguza uzito, akapanua njia ya hewa, akapima kila kipande, na akaenda nayo kwa mashindano. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Mwaka 1939, kwa mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Simca 8 yake ilishinda zote kwa hesabu yenye kulinganisha safari na ukubwa wa motere. Maana yake, kwa kila tone la motere, hakuna aliyefanya kazi sawa yeye.

Wafaransa wakamupa jina la Muchawi. Kwetu jina hili linaweza kuvunja nyumba ya mutu, lakini kule ilikuwa sifa. Walishangaa namna gani kitu kidogo kinaweza kukimbia namna ile. Uchawi wenyewe ulikuwa kazi ya usiku na mchana, na kukataa kutupa kipande ambacho kingali kinaweza kutumika.

Kiisha vita, alipata atelye kwa boulevard Victor, muji wa Paris, na akaanza kutengeneza motokari zake za mashindano. Hapa njo taabu yake ilianza. Mbele yake kulikuwa Ferrari, Maserati, na baadaye Mercedes, kampuni zenye pesa na zenye vipande vya kubadilisha. Yeye alikuwa na kikundi kidogo cha mafundi. Motokari ilitoka kwa mashindano ya yenga moja, ikafunguliwa, ikafungwa, ikaenda kwa mashindano ya yenga yenye kufuata na motere ileile yenye kuchoka. Kazi ile ilikuwa pia ya hatari: mwezi wa Januari 1949, dereva wake mukubwa Jean-Pierre Wimille alikufa kule Buenos Aires akijaribu motokari ya Simca-Gordini. Sisi wenye kushuka chini ya udongo tunajua uzito wa siku kama ile kwa wenye kubaki.

Kulikuwa siku za furaha pia. Tarehe 29 Juni 1952, kule Reims, Jean Behra alishinda na Gordini mbele ya zile Ferrari nyekundu, na inchi nzima ya Ufaransa ikasimama. Mwaka uleule, kwa saa 24 ya Le Mans, motokari ndogo ya Behra na Robert Manzon ilishika nafasi ya kwanza hata usiku, kiisha freni zikakataa. Mambo yote ya Gordini yako ndani ya usiku ule: mwendo ulikuwa, lakini nguvu ya kufika mwisho ilikosekana.

Simca ilikuwa imekwisha kumuacha kwa mwisho wa mwaka 1951. Alijikaza peke yake miaka kadiri, akitafuta pesa huku na kule, hata mwaka 1957 akafunga mulango wa mashindano. Hakushindwa kwa akili. Alishindwa juu ya makuta. Wafanyakazi wa mine tunafahamu jambo hili bila kuelezewa sana: ufundi ni wa mwenye mikono, lakini mashini ni ya mwenye pesa, na siku ile hawasikilizane, mwenye mikono njo anatoka inje.

Renault ikamuita. Kwa wakati ule Renault ilikuwa mali ya serikali, sawa vile Gécamines kwetu. Tena ilikuwa nyumba yenye sendika ya nguvu: mwaka 1955 wafanyakazi wake walipata yenga ya tatu ya konje yenye kulipwa, na mwaka 1962 ya ine. Tunataja jambo hili juu liko ndani ya hadisi yetu. Motokari ya mwendo haiwezi kufika kwa mutu wa mushahara kama mushahara wenyewe haujafika kwanza, na mapumuziko ya kutembeza ile motokari.

Gordini alianza na Dauphine, lakini kazi iliyobakisha jina lake ni Renault 8 Gordini ya mwaka 1964. Renault 8 ya kawaida ilikuwa motokari ya familia, milango mine, motere ya nyuma, farasi karibu 50. Yeye alichukua motere ya 1108, akaitengenezea kichwa kipya na karbirateri mbili, ikatoa farasi 95. Ilipita kilometa 170 kwa saa, rangi ya bluu na mistari mieupe. Mwaka uleule wa 1964 ilishinda mashindano ya Corse. Haikuwa bei ya kila mufanyakazi, tusidanganyane, lakini ilikuwa mbali sana na bei ya motokari za matajiri. Mwalimu kijana ao fundi mwenye kujinyima aliweza kuinunua, kupeleka watoto kwa masomo siku ya kwanza ya yenga, na kwenda nayo kwa mashindano siku ya mungu.

Na kweli, tangu mwaka 1966 Renault ilifungua mashindano ya peke kwa ajili ya motokari ile. Wote walikuwa na motokari moja, hivi mwenye mikono mizuri alionekana hata kama baba yake hakuwa na mali. Kati ya wale wa mwaka wa kwanza kulikuwa kijana mumoja, Jean-Pierre Jabouille. Tushike jina hili, litarudi.

Mwaka 1969 atelye ya Gordini ilihamia Viry-Châtillon, kusini ya Paris. Yeye alikuwa amefika miaka 70, na taratibu aliwaachia vijana kazi. Pale Viry njo kulitoka motere ya V6 iliyoitwa Renault-Gordini. Wengine waliichora, jina lilikuwa lake. Na juu ya ile motere waliweka turbo.

Tueleze kwa kifupi. Moshi yenye kutoka kwa motere ingali na moto na nguvu. Kwa motokari ya kawaida ile nguvu inapotea hewani. Turbo inaikamata: moshi inazungusha gurudumu kadogo, fimbo moja inazungusha gurudumu ya pili, na ile ya pili inasukuma hewa ndani ya motere. Hewa mingi, esanse mingi, nguvu mingi. Ndugu zetu wa makamio makubwa ya mine wanaijua muzuri. Na huku kwetu Kolwezi, kwa urefu wa zaidi ya metre 1400, hewa ni nyepesi kuliko kule pembeni ya bahari, hivi motere yenye turbo inachoka kidogo kuliko ile isiyo nayo. Gordini mwenyewe kwa miaka ya 1950 alikuwa ametumia kompreseri kwa motokari zake za Formula 1, lakini ile ilizungushwa na motere yenyewe, ikala sehemu ya nguvu yake. Turbo inaokota nguvu ambayo ingetupwa.

Mwezi wa Julai 1977, kule Silverstone katika Uingereza, Renault ikaleta motokari ya kwanza ya Formula 1 yenye turbo. Motere yake ilikuwa ya litre 1.5 tu, wakati wengine walikuwa na litre 3. Haikumaliza mashindano. Turbo iliharibika, na miezi mingi watu walicheka. Lakini mwaka 1978 motere ya V6 yenye turbo na jina la Gordini ilishinda saa 24 ya Le Mans, na muzee alikuwa angali muzima. Alikufa tarehe 25 Mei 1979 muji wa Paris, mwezi moja karibu mbele ya kutimiza miaka 80. Tarehe 1 Julai, kule Dijon, turbo ikashinda Formula 1 mara ya kwanza. Dereva alikuwa Jabouille, yule kijana wa Renault 8.

Kiisha pale turbo ikashuka barabarani. Renault 5 Turbo ya mwaka 1980, motere katikati, farasi 160, ilikuwa ya kushinda mashindano na ya bei kali. Renault 5 Alpine Turbo ya mwaka 1982 ilitoa farasi 110 pale ile isiyo na turbo ilitoa 93. Kule Uingereza iliitwa Gordini Turbo, juu kampuni ingine ilikuwa na haki ya jina Alpine. Hivi jina la muzee liliendelea kutumika kiisha kufa kwake, na halikuwa tena mali yake. Mwaka 1985 ikafika ile ya watu wengi, Renault 5 GT Turbo: motere ya 1397 tu, farasi 115, uzito karibu kilo 850. Njo ile ilishinda mashindano ya dunia ya Côte d'Ivoire mwaka 1989 na Alain Oreille, juu ya udongo wa Afrika, ikiwa karibu sawa ile yenye kuuzishwa dukani.

Mupinzani wake, Peugeot 205 GTI, haikuwa na turbo. Ya 1.6 ilikuwa na farasi 105, ya 1.9 farasi 130. Kwa bei, kijana aliweza kuchagua. Kwa mwendo, walifuatana. Lakini kwa kuishi nayo kila siku, tofauti ilikuwa kubwa. Peugeot ilitii mara moja mguu ukikanyaga. GT Turbo ilingoja kidogo, kiisha ikaruka. Ya kwanza hizi zilikuwa pia na shida ya kuwaka tena wakati motere iko moto, juu karbirateri ilipikwa na joto ya turbo. Nguvu yake ilinunuliwa bei ndogo, ikalipwa polepole.

Hii njo ulizo ambalo tunataka vijana wetu wabebe. Turbo inazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, juu ya mafuta tu. Mafuta mabaya ao yenye kuchelewa kubadilishwa inaiua. Kiisha safari ya mbio, acha motere izunguke dakika moja mbele ya kuzima. Ukienda kununua ya kutumikishwa, angalia moshi: ikiwa ya bluu, mafuta inapita. Shika ile fimbo na vidole, ikicheza sana, rudi nyumbani. Na mbele ya yote, usihesabu paka bei ya kununua. Hesabu mafuta, mipira, freni na turbo ya pili, kiisha linganisha na mushahara wa miezi sita, na chakula cha watoto kikiwa kimekwisha kutolewa pembeni.

Gordini alijua kutosha nguvu ndani ya motere yoyote. Kitu kimoja hakupata: kipande cha kubadilisha siku freni zinakataa usiku wa Le Mans. Ndugu, nunua motokari ile ambayo unaweza kuifikisha asubuhi.