Moto Mdogo wa Count Rumford

Msafiri atokaye Mombasa, akifika Athi River na kushika barabara ya Namanga, hakosi kukutana na ng'ombe. Atawaona Kitengela, atawaona Isinya, na Kajiado ndiko kwao hasa. Ni wanyama waliotembea masafa marefu kutafuta majani na maji. Nyama yao ina ladha isiyo kifani, lakini pande la paja lenye mfupa, ukilipika kwa pupa, jino litakushinda.

Tena kuna jambo ambalo wageni kutoka pwani hawalijui. Mji wa Kajiado umeinuka kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Basi bibi arusi aliyetoka Malindi akahamia huko hulaumu maharagwe, hulaumu mchinjaji, kisha huongeza kuni. Moto unanguruma, maji yanaruka, sufuria inakauka, na nyama bado ngumu. Kuni zote zile hazikuyaongezea maji joto hata nyuzi moja, ila zimeyageuza mvuke tu.

Aliyewahubiria watu wa Ulaya habari hiyo mpaka wakamchoka alikuwa Benjamin Thompson, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Count Rumford.

Bwana huyu alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1753 katika kijiji cha Woburn, Massachusetts, wakati Marekani ingali koloni la Mwingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Akiwa kijana mdogo alipelekwa dukani Salem kujifunza biashara, lakini akili yake ilikuwa kwenye moto na baruti, na siku moja alijiunguza vibaya alipokuwa akitengeneza fataki. Alipotimiza miaka kumi na tisa alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Concord, ambao zamani uliitwa Rumford. Hapo akamwoa mjane tajiri aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Wakapata binti, Sarah, mwaka 1774.

Vita vya uhuru vilipozuka Thompson alichagua upande wa mfalme, akawa mpelelezi wake. Mwaka 1776 alikimbilia London akamwacha mke na mtoto. Mke yule alikufa mwaka 1792 bila ya kumtia mumewe machoni tena. Haya tunayasema mapema, kwani wengi walioandika sifa zake huyapitia mbio mbio.

Mwaka 1784 aliingia katika utumishi wa mtawala wa Bavaria, katika nchi ya Ujerumani, akapanda hata akawa waziri wa vita. Mji wa Munich wakati huo ulijaa ombaomba. Siku ya kwanza ya mwaka 1790, siku ambayo watu walizoea kutoa sadaka, Thompson aliwatoa askari njiani, na ombaomba wa kwanza kukamatwa alimshika kwa mkono wake mwenyewe. Hawakutiwa jela. Walipelekwa kwenye nyumba ya kazi, wakapewa sufi na kitani wasokote, wakalipwa, na mchana wakalishwa. Chakula chao kilikuwa supu ya shayiri, dengu za kizungu, viazi na siki, iliyopikwa kwa saa nyingi juu ya moto mdogo mno. Watu wa Munich wakati huo walividharau viazi, basi vilipikwa mpaka vikayeyuka, wasivitambue! Yeye alidhani maji yenyewe ndiyo yanayoshibisha, na hapo alikosea. Lakini kwamba chakula kilichopikwa polepole kina ladha na hupunguza kuni, katika hilo alisema kweli. Kwa kazi zake hizo alipewa ukabaila, akachukua jina la ule mji alikooa.

Kisa chake cha nyama ndicho kinachotuhusu zaidi. Alikuwa na chombo alichokitengeneza kwa kukaushia viazi, akataka kujua kama kitafaa kuokea nyama. Akatia bega la kondoo, akaketi kulingojea. Saa tatu zikapita, nyama haijaiva. Akakata tamaa, akaenda zake, akawaachia wajakazi wa jikoni. Nao, wakiona usiku umeingia, waliona nyama itakuwa salama humo kama popote pengine, wakaiacha. Asubuhi walipofungua waliikuta imeiva barabara, laini, mchuzi wake ungali ndani yake. Thompson alipoionja alistaajabu.

Sababu yake leo inajulikana. Nyama ya kiungo kinachofanya kazi, kama paja na bega, imefungwa kwa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huyeyuka zikawa ute mtamu zikikaa katika joto la nyuzi 80 hivi kwa saa nyingi. Joto kali la ghafla huikamua nyama maji yake kabla nyuzi hazijalegea. Watu wa Oman hawakumngoja Rumford kuwaambia haya, kwani shuwa yao ya sikukuu hulala shimoni usiku kucha na zaidi.

Mwaka 1798 alitoa habari ya jambo kubwa zaidi. Katika karakana ya mizinga ya Munich aliona chuma kinachotobolewa kinapata moto usiokwisha. Akauzamisha mzinga katika maji, farasi wakazungusha mashine, na baada ya saa mbili u nusu maji yakachemka pasipo moto. Wataalamu wakati ule walishika kwamba joto ni kitu kinachotiririka kama maji. Rumford akasema la, joto ni mwendo. Mwaka uliofuata alisaidia kuanzisha Royal Institution mjini London.

Ajabu ya majaliwa, mwaka 1805 alimwoa mjane wa Lavoisier, yule mtaalamu Mfaransa aliyeshika ile kauli nyingine, na aliyekatwa kichwa mwaka 1794. Ndoa ilikuwa ya ugomvi. Siku moja bibi, kwa hasira, aliyamwagia maua ya mumewe maji ya moto. Wakaachana mwaka 1809. Rumford alifariki Auteuil, karibu na Paris, tarehe 21 Agosti 1814. Sarah, binti aliyeachwa mchanga, alikuwa amemfuata Ulaya mwaka 1796, akamsamehe kwa kadiri alivyoweza.

Chungu cha umeme kilichoko leo katika nyumba kadhaa za Kitengela hakikutoka kwake moja kwa moja. Alikibuni Irving Naxon wa Chicago, akapata hati yake mwaka 1940, kwa kukumbuka habari za chakula cha Sabato cha Mayahudi wa Lithuania kilicholala katika tanuri ya mwoka mikate. Lakini kazi yake ni ile ile ya chombo cha viazi.

Mwenye nacho na achukue pande la paja la kilo mbili, lililochinjwa kwa halali, alipake tangawizi, kitunguu saumu, bizari, chumvi na ndimu. Atie maji nusu kikombe tu. Akiwasha kwa moto wa chini baada ya Isha, katika mwezi wa Ramadhani, atalikuta tayari wakati wa daku, na mwinuko wa Kajiado hautamdhuru, kwa kuwa chungu hicho hakihitaji maji yaruke. Asiye na umeme apike juu ya jiko la makaa hadi ichemke, kisha aifunge sufuria kwa mablanketi ndani ya kikapu, na kabla ya kula aichemshe tena. Na kifuniko kisifunuliwe funuliwe, kwani kila ukichungulia joto linatoka.