Leo Baekeland: Aliyeipa dunia kizuizi cha umeme

MKAZI wa Kiboko, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa katika Kaunti ya Makueni, huwasha taa kwa kugusa swichi ya plastiki bila hofu ya kupigwa na umeme. Usalama huo una mizizi yake katika kazi ya mwanakemia Leo Baekeland.

Baekeland alizaliwa Novemba 14, 1863 mjini Ghent, Ubelgiji, akiwa mwana wa fundi viatu. Licha ya ufukara wa wazazi wake, alihitimu shahada ya uzamifu akiwa na umri wa miaka 21. Mnamo 1889 alimwoa Céline, binti ya profesa wake, wakahamia Marekani. Huko alibuni karatasi ya kusafishia picha iliyoitwa Velox, na mwaka 1899 akaiuza kwa George Eastman, mwasisi wa Kodak. Fedha hizo zilimwezesha kuwa na maabara nyumbani kwake Yonkers, New York.

Wakati huo umeme ulikuwa ukienea kwa kasi, ilhali mitambo ilikingwa kwa shelaki, gundi itolewayo na wadudu wadogo wa bara la Asia. Gundi hiyo haikutosheleza mahitaji. Wanakemia waliomtangulia walichanganya fenoli na fomaldehidi, wakaambulia masazo magumu yasiyofaa kitu. Baekeland aling'amua kuwa siri ilikuwa kudhibiti joto na kuongeza shinikizo. Mwaka 1907 alipata Bakelite, plastiki ya kwanza isiyotokana na mali asili ya mimea wala wanyama, akaitangaza mwaka 1909. Punde ikatumika katika simu, redio na swichi.

Aliuza kampuni yake mwaka 1939, akafariki Februari 23, 1944 akiwa na umri wa miaka 80.

Hakuwahi kujua kwamba shinikizo, lililoizaa plastiki yake, lingefichua pia udhaifu wa jamii nzima ya plastiki. Katika miaka ya 1960, watafiti nchini Marekani walipitisha mawimbi ya mshtuko, kama yale ya mlipuko, ndani ya plastiki za aina mbalimbali. Molekuli ziliposukumwa ghafla, baadhi ya plastiki zilizalisha umeme zenyewe. Mshtuko ulipozidi, zikaanza kupitisha umeme zilioumbwa kuuzuia.

Hali hiyo huhitaji shinikizo linaloshinda lile la hewa kwa makumi ya maelfu ya mara, nayo hupimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Wanaopima milipuko hawana budi kuizingatia, kwani waya uliokingwa kwa plastiki waweza kuwapa vipimo vya uongo. Nyumbani Kiboko, swichi haikabiliwi na mshtuko wa aina hiyo, na kinga aliyoiasisi mwana wa fundi viatu ingali imara.