Maisha ya Bibi Rufayda Al-Aslamiyya, Muuguzi wa Madina

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.): ndugu zetu wa pwani wenye binti wanaosomea uuguzi Dodoma, huko bara katika nchi ya Wagogo, huuliza mambo mawili. Je, yafaa mwanamke kuwauguza wanaume wasio maharimu zake? Na akisha kufanywa mkubwa wa wauguzi, moyo wake waweza kustahimili kukata shauri penye damu na vilio? Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, chafundisha kazi hiyo, na walimu wa uuguzi siku hizi huwafunza wakubwa wa wauguzi kuutuliza moyo kabla ya kuamua. Jawabu tuliyoiona bora ni kuwasimulia khabari za Bibi Rufayda (R.A.A.).

Bibi huyu ni binti Saad, wa kabila la Aslam. Katika baadhi ya vitabu ametajwa kwa jina la Kuayba, na khabari ya hema ni ile ile. Alikuwa akitibu majeruhi, na nafsi yake ameitoa kuwakhudumia Waislamu wasio na wa kuwaangalia, hataki ila thawabu. Hema lake lilipigwa ndani ya msikiti wa Mtume, wala hapana aliyelikataza.

Hata ulipofika mwaka wa 5 wa Hijra (627), makabila yakaizunguka Madina, watu wapatao 10,000, na Waislamu 3,000 nyuma ya handaki. Hapo Saad bin Muadh, mkubwa wa Aus, akapigwa mshale uliomkata mshipa wa mkono. Mtume akaamuru alazwe katika hema la Rufayda, apate kumzuru kwa karibu.

Ewe msomaji, utazame mzigo huo. Mgonjwa ni bwana wa Ansari, na Mtume mwenyewe hupita asubuhi na jioni akiuliza hali yake. Mbele ya macho kama hayo hata mganga mwanamume mkono wake hutetemeka. Khalafu Saad akaitwa kuhukumu juu ya Bani Quraydha. Jamaa zake wakampandisha juu ya punda, na jeraha bado bichi. Akahukumu, akarejeshwa hemani. Baadaye jeraha likapasuka, damu ikatiririka hata watu wa hema la jirani wakaiona inawafikia, na Saad akafa. Mgonjwa mkubwa kuliko wote aliokabidhiwa Bibi huyu amefia chini ya paa lake.

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa zetu, ametaja kuwa ni makruhu kadhi kuhukumu hali ana ghadhabu, au njaa kali, au shibe ya kupita kiasi, au hali yo yote iharibuyo tabia yake. Muuguzi mkubwa si kadhi. Lakini usiku, wagonjwa watatu wakiletwa na kitanda ni kimoja, shauri lake laangukia roho za watu. Na mara nyingi ni sisi wanaume, tuliosimama mlangoni tukipiga kelele, tumtiao hiyo ghadhabu, kisha tukasema mwanamke hana subira!

Ama suala la kwanza, Imam huyo huyo, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa wanawake waliotoka vitani waliwatibu waume zao na maharimu zao, na wengineo pasina kugusa ngozi ila pale penye haja. Hilo latosha kwa mwenye kutaka mpaka wa sharia. Baba amwambie bintiye mpaka huo, amwache aende chuoni.

Haukupita ila mwaka na kidogo tangu mauti ya Saad, Waislamu wakatoka kwenda Khaybar, mwaka wa 7 (628). Aliyevunjika moyo asingalifunga safari hiyo. Angalikaa Madina, na watu wangalimpa udhuru. Yeye alikwenda. Na ngawira ilipogawanywa, Mtume (S.A.W.) akampa fungu kamili, kama fungu la mwanamume aliyepigana.