Rafiki Mmoja Tu

Alan Turing, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1912, alikuwa mwanafunzi mpweke katika shule ya bweni ya Sherborne. Mwandiko wake ulikuwa mbovu, na wenzake walimfanyia mzaha na kumtesa. Ndipo akampata Christopher Morcom, kijana aliyemtangulia darasani, mpenzi wa hisabati na nyota kama yeye. Februari 1930, Morcom alifariki kwa maradhi aliyoyapata utotoni kutokana na maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Katika msiba huo Turing aliazimia kuiendeleza kazi aliyoiacha mwenziwe. Mwaka wa 1936 akaandika makala yaliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta. Alifariki mwaka wa 1954. Walimu wenzangu, yule mtoto aketiye peke yake huenda hahitaji adhabu wala mawaidha, bali mwenzi.