Jenny Lind, mwimbaji aliyeambiwa anyamaze

Katika toleo hili tumeona vema tuwaletee maisha ya mwimbaji mmoja wa zamani, kwa sababu ya neno linalosikika sana katika kwaya zetu. Husemwa kwamba mwimbaji anayetoka ibadani sauti imekauka ndiye aliyeimba kwa moyo, na yule anayeshughulika na pumzi na solfa anaimba kwa kichwa tu. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Na tuangalie yaliyompata Jenny Lind.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1820 mjini Stockholm, nchi ya Uswidi. Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Wazazi wake walifunga ndoa yeye akiwa tayari na miaka 14, na sehemu ya utoto wake alilelewa na watu wengine nje ya mji. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka tisa alikuwa akiketi dirishani akimwimbia paka wake. Mtumishi wa mcheza densi mmoja wa Jumba la Michezo la Kifalme akapita, akasikia, akaenda kumwambia bibi yake. Kwa njia hiyo mtoto akapelekwa kwa mwalimu wa uimbaji wa jumba lile, naye akapokelewa katika shule yake, akifundishwa kwa gharama ya jumba.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, ingawa wakati ule iliitwa baraka. Tangu akiwa na miaka kumi alikuwa jukwaani. Mwaka 1838, akiwa na miaka 17 tu, alipewa nafasi kubwa katika opera, yaani mchezo unaoimbwa, na mji wote ukampenda. Walichompenda ni moyo wake: alipoimba huzuni, watu walihuzunika. Basi akaimba usiku baada ya usiku, akitoa nguvu zote, bila mtu wa kumwonyesha namna ya kuilinda sauti inayobeba mzigo huo. Alipofika miaka 20 sauti ilikuwa imechoka. Noti za katikati zilikuwa kama zimefunikwa na kitambaa. Hata hivyo akazunguka mikoani kuimba ili apate fedha za kwenda Paris kwa mwalimu mashuhuri, Manuel García, na safari hiyo ikaichosha sauti zaidi.

Mwaka 1841 akasimama mbele ya García. Akaanza kuimba, akakwama. Mwalimu akamwambia waziwazi kwamba haina faida kumfundisha, maana sauti haipo tena. Binti akalia. Ndipo García akampa sharti moja: akae wiki sita bila kuimba hata mara moja, na hata kuongea aongee kidogo iwezekanavyo, kisha arudi amsikilize tena.

Tufikiri kidogo juu ya wiki hizo sita. Binti wa miaka 20, mgeni katika mji wa ugenini, mkate wake wote unatoka kooni, naye ameamriwa kunyamaza bila ahadi yoyote kwamba mwishoni kutakuwa na kitu. (Mwalimu wa kwaya akimwambia hivyo mwimbaji wake bora wa sauti ya kwanza, wiki sita kabla ya Pasaka, sijui kama wazee wa kanisa wangemwelewa!) Jenny alitii.

García alijua alichokifanya. Ndani ya koo mna nyuzi mbili ndogo za sauti, laini, zinazotikiswa na pumzi. Mtu akipiga kelele kwa muda mrefu, au akisukuma sauti wakati koo limekazwa, nyuzi hizo huvimba, hazikutani vizuri, na sauti hutoka na mikwaruzo. Akiendelea kusukuma, zinaumia zaidi. Baadaye, mwaka 1854, García mwenyewe alitumia vioo vidogo akaziona nyuzi zake zikifanya kazi akiwa hai, na njia hiyo waganga wa koo waliichukua. Sisi tunaoimba nje, penye vumbi, bila vipaza sauti, ibada ya pili ikifuata ya kwanza, tuna sababu ya kulisikia jambo hili. Mwenye sauti iliyokauka apumzishwe. Kunong'ona nako si kupumzika.

Wiki sita zilipokwisha García akasikiliza, akakuta sauti imepata nafuu, akamkubali kwa masomo mawili kwa wiki. Na masomo yalikuwa nini? Si nyimbo za kuliza watu. Ni kupanda na kushuka ngazi za sauti, polepole sana, kama mtoto anayeanza. Ni kujifunza pumzi ichukuliwe wapi na itolewe kwa kiasi gani. Mwimbaji aliyeshangiliwa na mji mzima alirudi kwenye do, re, mi kwa karibu miezi kumi.

Mwaka 1842 alirudi Stockholm, na sauti ikawa ya mtu mwingine. Si kwamba kila kitu kilipona: noti kadhaa za katikati zilibaki na ukungu kidogo, naye alijifunza kuzizunguka kwa ustadi. Lakini yeye mwenyewe hakusema kwamba García alimpa moyo wa kuimba. Alimshukuru kwa mambo machache ya maana sana, na mengine aliyahesabu kuwa kazi yake mwenyewe, akisema kwamba mfano wake alikuwa ndege. Tunaona alikuwa na haki. Moyo alikuwa nao tangu dirishani na paka. Alichokosa ni njia ya kuupitisha bila kuvunja koo.

Rafiki yake, mtunzi Felix Mendelssohn, aliandika sehemu ya soprano ya utenzi mkubwa wa Eliya akiifikiria sauti ya Jenny, lakini alifariki Novemba 1847 kabla ya kumsikia akiiimba. Desemba 1848, mjini London, Jenny aliiimba kwa ajili ya mfuko wa kusomesha wanamuziki vijana kwa jina la marehemu, na pauni 1,000 zikapatikana. Kila aliyewahi kuimba msibani anajua koo linavyojikaza. Tunaamini kazi ile ya Paris ndiyo iliyomwezesha kufika mwisho wa wimbo.

Mwaka 1849 aliacha opera. Alizunguka Marekani kuanzia 1850, akatoa sehemu kubwa ya mapato kwa shule na maskini, na mwaka 1852 akaolewa na mpiga piano Otto Goldschmidt. Baadaye waliishi Uingereza. Mumewe alipoongoza kwaya mpya ya Bach, Jenny, aliyeimbia wafalme, aliketi na wanakwaya wa sauti ya kwanza akiwafundisha, na mwaka 1876 wakaimba Misa kubwa ya Bach. Kuanzia 1883 alifundisha katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, London.

Alifariki tarehe 2 Novemba 1887 karibu na Malvern, akiwa na miaka 67. García, aliyemzidi miaka 15, alikuwa bado London akifundisha wanafunzi kupumua. Yeye alifariki mwaka 1906, akiwa na miaka 101.