Ajayi Crowther: Kazi Aliyokabidhiwa

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Mwanzo 37:23-28, 39:20-23, 45:1-8, 50:15-21, 2 Timotheo 4:9-18.

Sabato Mchana

Katika madarasa yetu, ndugu anaposimama kushuhudia, simulizi yake mara nyingi huanza na shida na kuishia na baraka. Ada imelipwa, kazi imepatikana, mgonjwa amepona. Tunaitikia Amina, na ni vyema kufanya hivyo. Lakini kwenye benchi la nyuma yupo mwenzetu ambaye shida yake haijaisha, na pengine haitaisha katika maisha haya. Je, huyo ameshindwa?

Juma hili tutafuata maisha ya Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Hakuwa wa kanisa letu, lakini maisha yake yanatusaidia kupima upya neno hili tunalolitumia kila siku: mafanikio.

Jumapili: Kijana wa Osogun

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Asubuhi moja mwaka 1821 wavamizi waliuzingira mji huo na kuuchoma moto. Baba yake aliwaambia wakimbie, kisha akarudi kupambana. Ajayi hakumwona tena. Yeye, mama yake na dada zake walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni na kuswagwa kama mifugo.

Alikuwa na umri wa miaka kama 12 hivi. Alibadilishwa kwa farasi. Farasi alipokataliwa, akarudishwa. Kwa kitambo kidogo alikaa karibu na mama yake, kisha akauzwa mbali naye, halafu akauzwa tena na tena, kila mara akisogezwa karibu zaidi na bahari. Alisikia kwamba mwisho wa njia hiyo ni Wareno na meli zao. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba usiku alijaribu kujinyonga kwa mkanda wake, lakini ujasiri ukamwishia.

Tusiruke sehemu hii haraka ili tufike kwenye uaskofu. Mtu huyu ambaye leo tunamtaja kama mfano wa ustahimilivu aliwahi kuwa mtoto aliyetamani kufa.

Soma Mwanzo 37:23-28. Biblia inatuambia nini, na inanyamaza kuhusu nini, juu ya hali ya moyo wa Yusufu ndani ya shimo?

Jumatatu: Karatasi ya Herufi

Mwezi Aprili 1822, huko Lagos, Ajayi alipakiwa katika meli ya Wareno. Muda si mrefu meli hiyo ilikamatwa na manowari za Uingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Watoto hao hawakujua kwamba wameokolewa. Walipoona nyama ya nguruwe imetundikwa na mizinga imepangiwa marisasi yake ya mviringo, walidhani wanatazama nyama na vichwa vya watu. Mtu aliyeumizwa sana huweza kuuogopa hata mkono unaomtoa shimoni.

Walishushwa Freetown, Sierra Leone, mwezi Juni. Wasomaji wa Mombasa wataelewa mara moja, maana mtaa wa Freretown ulianzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, na chama kilekile cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza kilichokuwa kikifanya kazi Sierra Leone.

Ajayi alipelekwa shuleni. Inasimuliwa kwamba baada ya siku ya kwanza alimwomba mtu wa kwao nusu peni ili anunue karatasi ya herufi iwe yake mwenyewe. Katika muda wa miezi 6 hivi aliweza kulisoma Agano Jipya. Alijifunza pia useremala.

Angalia mambo mawili. Kwanza, hakusubiri majeraha yapone ndipo aanze kujifunza. Pili, nusu peni ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine. Kuna mafundisho yanayosema kwamba mtu hujiinua kwa nguvu ya mawazo yake peke yake. Maisha haya hayasemi hivyo. Kulikuwa na walioikamata meli, na walimu, na jirani mwenye nusu peni. Bidii ya Ajayi ilikuwa kuipokea nafasi kwa mikono miwili na kutoiachia.

Katika mtaa wako, ni nani anayehitaji nusu peni leo?

Jumanne: Mto Ulioua

Ajayi alibatizwa mwaka 1825 na kupewa jina la Samuel Crowther. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay, na baadaye akafundisha hapohapo. Alimwoa Susan, binti aliyeokolewa utumwani kama yeye.

Mwaka 1841 alisafiri na msafara wa Waingereza kuupanda Mto Niger. Homa iliwaangusha wazungu wengi na makumi yao wakafa, safari ikavunjika. Kwa macho ya wengi jambo hilo lilikuwa limekwisha. Crowther alirudi akiwa amejifunza kwamba habari njema katika nchi ile itapelekwa na Waafrika wenyewe, na katika lugha zao. Mwaka 1843 aliwekwa kuwa kasisi huko London. Mwaka huohuo ukachapishwa msamiati wake wa Kiyoruba.

Mwaka 1854 aliupanda tena mto uleule. Safari hii wasafiri walitumia kwinini kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mto ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni maarifa, na watu waliokuwa tayari kurudi.

Je, kuna jambo uliloliacha kwa sababu lilishindikana mara moja? Ni maarifa gani yalikosekana wakati ule?

Jumatano: Mama

Crowther angeweza kubaki Freetown, ambako alikuwa na heshima na usalama. Badala yake alirudi katika nchi ambako alikuwa ameuzwa, na mwaka 1846 akafika Abeokuta. Huko, miaka 25 hivi baada ya kutenganishwa, alimwona mama yake tena. Mama huyo naye alikuwa ameonja utumwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1848 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa Abeokuta, akaitwa Hannah, mama yake Samweli.

Katika miaka iliyofuata Crowther alikaa na wazee akisikiliza namna wanavyosema, akikusanya maneno na methali, ili tafsiri yake isikike kama Kiyoruba cha watu wenyewe. Biblia nzima katika lugha hiyo, kazi aliyoiongoza akisaidiwa na wengine, ilikamilika katika miaka ya 1880.

Yule mtoto aliyepotezewa nyumbani kwao ndiye aliyewapa watu wa kwao Neno la Mungu katika lugha ya mama.

Soma Mwanzo 45:1-8. Yusufu hakuwaficha ndugu zake kosa lao, wala hakukaa ndani ya kosa hilo. Ni nini kilichomwezesha kutazama mbele?

Alhamisi: Mwisho Ambao Hatukuutarajia

Mwaka 1864 Crowther aliwekwa kuwa askofu katika Kanisa Kuu la Canterbury. Alikuwa amesitasita kuupokea wajibu huo. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima. Aliiongoza misheni ya Niger akiwa na watumishi Waafrika, fedha kidogo na umbali mkubwa.

Kama simulizi ingeishia hapo, tungesema Amina na kufunga vitabu. Lakini katika miaka ya 1880 walifika wamisionari vijana kutoka Uingereza, ambao hawakuamini kwamba Mwafrika anaweza kuongoza. Ni kweli kwamba baadhi ya watumishi wa misheni walikuwa na makosa, na askofu mara nyingine alikuwa mpole kupita kiasi. Lakini vijana hao walihukumu kazi nzima. Mwaka 1890, katika mkutano wa kamati huko Onitsha, watumishi wake kadhaa waliondolewa mbele yake, na mwanawe Dandeson, aliyekuwa shemasi mkuu, akasimamishwa kazi. Mzee wa miaka 80 alijiuzulu kutoka katika kamati hiyo. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na nafasi yake akapewa Mwingereza.

Hakuzunguka akilipiza kisasi, wala hakuacha kazi yake. Mwaka 2014 ilifanyika ibada huko Canterbury ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, na Kanisa la Uingereza likakiri kosa lililomtendea. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia toba hiyo.

Linganisha na 2 Timotheo 4:9-18. Paulo alipoachwa na wote, alisimama juu ya nini?

Ijumaa: Kwa Kujifunza Zaidi

Tukipima mafanikio kwa siku ya mwisho, Crowther alishindwa, na Paulo pia. Tukipima kwa cheo, cheo chake kilinyang'anywa heshima. Lakini Kiyoruba kilichoandikwa hakikunyang'anywa, wala wasomaji wake, wala mama aliyebatizwa.

Nia iliyomwongoza ilionekana tangu siku ile ya karatasi ya herufi: kuuliza ni kitu gani kimewekwa mkononi mwangu sasa, na kwa faida ya nani. Mtu anayeitazama kazi kama tuzo yake huvunjika tuzo inapochukuliwa. Anayeitazama kama amana huumia, maana si jiwe, lakini bado anayo sababu ya kuamka kesho. Nia hiyo haimhakikishii mtu mwisho mwema hapa duniani. Inamhakikishia kwamba mateso hayatakuwa ndiyo yanayomwamulia yeye ni nani.

Kwa hiyo Sabato hii, kiongozi wa darasa, mpe nafasi ya kushuhudia yule ambaye shida yake haijaisha. Huenda ushuhuda wake ndio tunaouhitaji zaidi.

Maswali ya Kujadili

1. Ajayi akiwa mtoto alitamani kufa. Darasa lenu lingempokeaje kijana mwenye mawazo kama hayo leo? Ni hatua gani mngechukua kabla ya jua kuzama?

2. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe, kama Yusufu katika Mwanzo 50:15-21, na kunyamazia uonevu? Mzee anapodharauliwa na vijana katika kamati ya kanisa, wajibu wa washiriki wengine ni upi?

3. Ikiwa kazi unayoifanya kanisani ingechukuliwa kesho na kupewa mwingine, ni sehemu gani yake ingebaki?