George Washington, jenerali aliyeachia madaraka mara mbili

Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili 1783, jenerali George Washington aliingia katika ukumbi wa bunge mjini Annapolis, jimbo la Maryland, akawarudishia wabunge barua iliyomfanya mkuu wa jeshi. Vita dhidi ya Uingereza, aliyoiongoza kwa zaidi ya miaka minane, ilikuwa imekwisha. Kesho yake alifika kwake Mount Vernon, jimbo la Virginia, akiwa raia wa kawaida.

Wakati ule Marekani haikuwa na raisi. Bunge la majimbo 13 halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na askari walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 1782 kolonele mmoja, Lewis Nicola, alimwandikia Washington kumpendekezea awe mfalme. Alikataa kwa ukali. Mwezi wa tatu 1783, maofisa waliokuwa kambini Newburgh, jimbo la New York, walianza mipango ya kulitisha bunge. Washington alikwenda mwenyewe katika mkutano wao. Alipotaka kuwasomea barua, hakuweza kuiona vizuri, akatoa miwani mfukoni. Wengi wao hawakuwahi kumuona akivaa miwani. Ilisimuliwa baadaye kwamba baadhi ya maofisa walitoa machozi. Mpango wao ulikufa siku hiyo.

Mtu huyu hakusoma chuo kikuu. Alizaliwa Virginia mwaka 1732, akafiwa na baba akiwa na miaka 11, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima ardhi.

Mwaka 1787 alitolewa tena nyumbani ili aongoze kikao cha Philadelphia, ambako wajumbe 55 walishiriki kuandika katiba. Katiba hiyo iligawa madaraka kati ya bunge la vyumba viwili, raisi na mahakama, ili kila upande uwe na njia ya kuuzuia mwingine. Raisi alipewa nguvu nyingi, kwa sehemu kwa sababu kila mjumbe alijua nani atakayeketi kwanza kwenye kiti hicho. Mandati iliwekwa miaka minne. Lakini hakuna mahali palipoandikwa mwisho wa mandati: raisi angeweza kuchaguliwa tena na tena hadi kifo.

Mwaka 1789 wachaguzi wakubwa wote 69 walimpigia kura, na mwaka 1792 wote 132. Hadi leo hakuna raisi mwingine wa Marekani aliyepata kura zote namna hiyo. Kama angetaka mandati ya tatu, ni nani angemzuia? Mwezi wa tisa 1796 alitangaza kupitia gazeti moja la Philadelphia kwamba hatagombea. Wengine husema alikuwa amechoka tu, na magazeti ya wapinzani yalikuwa yakimshambulia. Inawezekana, ila uchovu na magazeti havijawahi kuwaondoa wakubwa wengi kitini. Tarehe 4 mwezi wa tatu 1797 alihudhuria kiapo cha John Adams, kisha akarudi shambani.

Desturi yake ilishikwa bila sheria yoyote hadi mwaka 1940, Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu, kisha mara ya nne mwaka 1944. Ndipo mwaka 1951 katiba ikarekebishwa: mtu hawezi kuchaguliwa raisi zaidi ya mara mbili.

Kuna watu ambao madaraka juu yao Washington hakuyaachia mapema. Sheria ya jimbo la Pennsylvania, mji mkuu ulipokuwa Philadelphia, ilimruhusu mtumwa aliyekaa humo miezi sita kudai uhuru. Raisi aliwazungusha watumwa wake nje ya jimbo kabla muda huo kutimia. Mwaka ule ule wa 1796, mwanamke mmoja, Ona Judge, alitoroka nyumba ya raisi. Washington alituma watu wamrudishe, bila kufaulu.

Alikufa tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 1799. Katika wasia aliagiza watumwa wake 123 wapewe huru baada ya kifo cha mkewe, Martha, ambaye aliwaachia mapema, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1801. Wengine zaidi ya 150 walikuwa mali ya ukoo wa mume wa kwanza wa Martha, na Martha alipokufa mwaka 1802 waligawiwa wajukuu wake.